Yatima Mwenye Baba

Habari kwamba binti yangu amefiwa na baba yake niliipata nikiwa mezani, kijiko cha supu mkononi, afya yangu njema kabisa.

Simu ilitoka kijijini, kwa mama yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Apa.

"Jumadyl," aliniambia, "amekuja msichana wa ustawi wa jamii na mkoba wake. Anasema Kanyshai atakuwa anapata posho ya serikali."

"Posho ya nini, Apa?"

"Ya kufiwa na baba."

Supu ilinipalia. "Baba gani?"

"Baba yake, Ata yako! Kwani tumemzika nani mwaka huu?"

Ni kweli, baba yangu tulimzika theluji ilipoanza kuyeyuka. Lakini Kanyshai ni wangu mimi. Mke wangu Perizat ndiye aliyemzaa, na kwa kuwa alikuwa mtoto wetu wa kwanza, tulimpeleka kwa wazazi wangu awe wao, kama wanavyofanya watu wenye adabu. Mtoto wa kwanza huondolea wazee ukimya wa nyumba. Hulelewa kama kitinda mimba wao. Mtoto humwita bibi yake Apa, yaani mama, na babu yake Ata, yaani baba, na wale waliomleta duniani huwaita kaka na wifi. Mimi kwa Kanyshai ni Baike, kaka mkubwa. Perizat ni Jenge, mke wa kaka.

Kwa wengine mambo haya huishia mdomoni. Baba yangu hakupenda kufanya kitu nusunusu. Alikwenda kwa katibu wa kijiji, mwenzake wa kucheza karata, wakakaa, wakanywa chai, wakaandikisha kuzaliwa kwa mtoto: baba Toktosun, mama Burulcha. Wakati huo Apa alikuwa tayari na meno ya bandia juu na chini. Hakuna aliyeuliza mwanamke wa namna hiyo amejifunguaje. Mtoto akaitwa Kanyshai binti Toktosun, kondoo akachinjwa, na mimi nikasimama kuhutubia.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo. Mimi ni mshereheshaji. Ukioa hapa mjini Naryn, ukimtahiri mwanao, au ukizeeka kiasi cha kustahili kusifiwa mbele ya watu, utanitafuta mimi. Nitakuja na spika zangu na koti langu lenye vifungo vya kung'aa, nitakutaja wewe, baba yako, babu yako, mpaka babu wa saba, bila kutazama karatasi. Nimewaliza wanaume wenye shingo nene kama fahali kwa kuwatajia tu baba zao. Na mtu huyo huyo, mwenye koti na vifungo, hakuwa na jina lake nyuma ya jina la mtoto yeyote duniani, kwa sababu baada ya Kanyshai Mungu hakutujalia mwingine.

Nilipomweleza Perizat habari ya posho nilijaribu kuifanya kichekesho. Nilisema, "Mke wangu, nipe pole, nimekufa na serikali imethibitisha." Yeye huoka mikate ya kuuza sokoni, na alikuwa ameinamia unga. Hakucheka. Aliendelea kukanda kwa muda, kisha akaacha.

"Yatima," alisema.

"Ni karatasi tu, mke wangu."

"Jumadyl, nikimpelekea gauni huniambia ahsante Jenge. Nimezoea. Akija hapa tunamtandikia chumba cha wageni. Nimezoea pia. Siku alipong'oka jino la kwanza nilipigiwa simu kama jirani. Yote nimemeza. Lakini hili la yatima halipiti hapa kooni. Wewe uko hai, japo siku nyingine sioni faida yake. Nenda ukabadilishe. Nataka pale penye mama paandikwe mimi, hata kama maisha yake yote ataniita Jenge."

Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Na Apa tutamwambiaje?" nikauliza.

"Msemaji wa mji ni nani? Mwambie wewe."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya usajili. Nilivaa lile koti. Nilidhani jambo lenyewe ni dogo, la kufuta jina moja na kuandika jingine, na zaidi ya hapo karani, Bi Gulbarchyn, ananijua, maana mimi ndiye niliyesherehesha harusi ya mwanawe. Alipandisha miwani puani aliponiona.

"Aa, redio imekuja. Umezaa?"

"Hapana, nataka kurekebisha kosa. Hapa kwenye cheti pameandikwa baba ni Toktosun. Baba ni mimi."

Alisoma cheti, akanitazama, akasoma tena. "Toktosun ni nani yako?"

"Baba yangu."

"Burulcha?"

"Mama yangu."

"Kwa hiyo huyu Kanyshai ni dada yako."

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Na wewe unataka kuwa baba wa dada yako."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu, nao ghafla wakanyamaza, hata kitoto kilichokuwa kikilia kikaacha kilie baadaye. Nilihisi vifungo vya koti vikipata moto.

"Na mama awe nani?" Gulbarchyn akauliza, sauti juu.

"Mke wangu huyu hapa."

"Afadhali," alisema mzee mmoja kwenye foleni, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nimewachekesha watu maisha yangu yote kwa malipo. Siku hiyo nilifanya bure, na ndiyo siku waliyocheka kwa dhati.

Gulbarchyn alikuwa wa kwanza kujizuia. Akamgeukia Perizat. "Haya, binti, wewe ndiye mwombaji kama mama. Nitajie kwa mdomo wako, ni nani ameandikwa sasa kama baba wa mtoto?"

Perizat akawa mwekundu mpaka masikioni. Mkwe hatamki jina la baba wa mumewe, awe hai au awe kaburini, na Perizat alilelewa na mwanamke aliyeshika mambo hayo kwa meno.

"Yule mzee," alisema.

"Mzee yupi?"

"Mzee wa nyumba."

"Kila nyumba ina mzee, mwanangu. Jina."

"Yule... mwenye farasi mweupe."

Gulbarchyn aliweka kalamu chini. "Basi, basi, usijitese. Mimi wa kwangu namwita Mwenye Kofia, na amekufa zamani. Wewe redio, taja."

Nikataja. Akatueleza yanayohitajika. Kwanza barua ya hospitali kuonyesha nani hasa alijifungua siku ile. Kisha twende kwa hakimu atoe ruhusa. Kisha Burulcha aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme kwa hiari kwamba si mama. Na mtoto aje pia, kwa sababu amefika umri ambao sheria inamuuliza.

"Akisema hataki?" aliuliza Perizat.

"Akisema hataki mtarudi nyumbani mkanywe chai, na huyu mumeo ataendelea kuwa kaka."

Barua ya hospitali ilipatikana. Hakimu naye alisoma faili, akauma mdomo ili asicheke, akatupa ruhusa. Kilichobaki ni kumwambia mama yangu, na hapo ndipo ufundi wangu wa kusema ulipoonekana ulivyo.

Nilikwenda kijijini mara ya kwanza nikiwa na hotuba kamili kichwani. Apa alinipokea, akanipa maandazi madogo na siagi, akaniuliza kama nimekuja kwa jambo. Nikasema nimekuja kuona kama paa la zizi linavuja. Halikuwa linavuja. Nilipanda juu yake hata hivyo, nikapigilia misumari pasipohitaji msumari. Nikarudi mjini na ndoo ya siagi.

"Umemwambia?" aliuliza Perizat.

"Tumezungumza mengi."

Akaitazama ndoo ya siagi, hakuuliza tena.

Mara ya pili nilikuta Kanyshai ametoka shule, yuko mgongoni kwa yule farasi mweupe, anatafuna jibini kavu. Ana madoadoa puani kama Perizat na ulimi kama wangu, ila wa kwake hauogopi. "Baike," aliniambia kutoka juu, "umenenepa. Farasi anaomba usimpande." Tulikula pamoja. Apa alimsuka nywele huku akimsimulia jinsi Ata alivyowahi kuvuka mto na ndama mabegani. Mtoto alijua hadithi yote, alikuwa akimsahihisha. Niliwatazama na maneno yangu yakanywea. Nikarudi na jamu ya aprikoti, chupa za kutosha duka.

Perizat aliipanga rafuni chupa moja baada ya nyingine. "Ukienda mara nyingine tatu," alisema, "tutafungua duka." Halafu akaenda chumba cha wageni na kufunga mlango. Nilisikia akikung'uta lile godoro ambalo hakuna mtu aliyelilalia. Hapo nilijichukia kidogo.

Safari iliyofuata nilipanga vingine. Niliingia kwanza zizini, peke yangu, nikafanya mazoezi kama ninavyofanya kabla ya harusi kubwa. Nilimkabili ng'ombe.

"Apa mpendwa," nilimwambia ng'ombe, "wewe uliyetulea, wewe uliye nguzo ya nyumba hii! Mti hutoa tawi, na tawi..." Sikupenda habari ya tawi, nikaanza upya. "Apa, hatuji kukunyang'anya. Mtoto atabaki hapa, shule yake hapa, kitanda chake hapa. Tunachoomba ni maandishi tu. Perizat amekaa kimya muda mrefu, Apa. Hana mwingine. Akiona mwanawe anaitwa yatima anaumia, nami... mimi pia naumia, japo sura yangu haionyeshi kwa sababu ya mashavu." Ng'ombe alikuwa anacheua. Nikatia madoido, nikainua mkono, nikamtajia ng'ombe mababu zetu saba.

"Wa tano umemruka," sauti ilisema.

Ilitoka nyuma ya ukuta wa udongo, upande wa kuku. Ningejua. Mama yangu husikia jirani akifungua mfuko wa sukari. Utotoni hatukuweza kunong'ona chini ya blanketi bila yeye kujibu kutoka jikoni.

"Apa," nilisema, "uko hapo tangu lini?"

"Tangu mti hutoa tawi."

Akazunguka, akaingia, kikapu cha mayai mkononi. Nilisimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Alimtazama ng'ombe kwanza.

"Hotuba ndefu. Mwangalie, macho yamemlegea." Kisha akanitazama mimi. "Ulikuja na maneno hayo mara mbili, ukaondoka nayo mara mbili, ukidhani nakuona mjinga. Paa la zizi lina misumari kama nungunungu. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaumia."

"Nitaumia. Kwani kuumia ni ugonjwa wa kufichwa?" Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikapu magotini. "Yule msichana wa ustawi aliponisomea ile karatasi, niliwaza usiku mzima. Baba amekufa, wamemwandika yatima nusu. Mimi nikifa, watamwandika yatima mzima. Mtoto mwenye baba anayepiga kelele mji mzima, na mama anayeoka mkate mtamu kuliko wangu. Toktosun na yule katibu wake hawakuliwaza hilo. Walikuwa wanaona mtoto tu, hawakuona kwamba sisi tunazeeka."

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilikohoa.

"Nitakuja," alisema. "Lakini sitamshawishi mtoto. Atakalosema ni lake. Na usinitajie tena habari za tawi."

Siku yenyewe niliwafuata kwa gari. Apa alijifunga kitambaa cheupe kipya na kushika fimbo ya Ata. Kanyshai alivaa sare ya shule na utepe mkubwa kichwani. Njia nzima alitazama dirishani, nami nikatazama barabara na kufanya mazoezi ya jina chini chini: Kanyshai binti Jumadyl. Lilikuwa tamu mdomoni. Nilijiona nikilitamka kwenye harusi yake mwenyewe, kwa kipaza sauti, vifungo viking'aa, watu wakigeuka kumtafuta huyo Jumadyl ni nani. Mtu akiwa mpumbavu huwa na muda wa kufurahi kabla.

Perizat alitungoja mlangoni mwa ofisi. Alikuwa amenyoosha kila kitu alichovaa, mpaka leso. Alimsalimu Apa kwa kuinama, akamshika Kanyshai bega, akaliachia upesi kama mtu aliyegusa kitu cha dukani.

Gulbarchyn alianza na Apa.

"Apa, unasema kwa hiari yako kwamba hukumzaa mtoto huyu?"

"Mwanangu, nitazame. Nimzae na meno ya nani?"

"Nahitaji ndiyo au hapana."

"Sikumzaa," alisema Apa. Kisha akasema polepole zaidi, "Kumzaa, sikumzaa." Akageukia dirisha na hakutugeukia tena.

Ikawa zamu ya Kanyshai. Alikalishwa kwenye kiti kirefu, miguu haifiki chini.

"Unajua kwa nini uko hapa?" aliuliza Gulbarchyn.

"Ndiyo. Baike anataka kuwa baba."

"Na unajua nani aliyekuzaa?"

"Najua siku zote. Kijiji kizima kinajua. Hata ng'ombe anajua, Baike alimwambia."

Gulbarchyn alinitupia jicho. Nilijitia kusoma tangazo ukutani, lilikuwa la chanjo ya kondoo.

"Je, unakubali kwamba penye mama paandikwe Perizat?"

Mtoto alimtazama Apa, akaona mgongo tu na kile kitambaa cheupe. Alimtazama Perizat, ambaye alikuwa ameishika leso kwa mikono miwili. Sijui kama aliwahi kumtazama hivyo kabla. Sisi wengine tulingoja. Mimi, niliyewahi kukatiwa umeme mbele ya wageni mia tano na nikaendelea kwa sauti ya koo, nilikuwa nikivihesabu vifungo vya koti langu.

"Nakubali," alisema. "Lakini nitaendelea kulala na Apa. Jenge hakoromi, sitapata usingizi."

Perizat akacheka na kulia kwa wakati mmoja, mambo ambayo uso wake haujazoea, ukawa haujui ufuate lipi.

"Na penye baba, Jumadyl?"

"Huyu?" Alinipima kutoka viatu mpaka kichwani. Nilivuta tumbo ndani. "Sawa. Lakini jina langu msiliguse."

"Vipi?"

"Mimi ni Kanyshai binti Toktosun. Ata alinifundisha kuliandika kwenye theluji kwa fimbo ile ile. Sitaki binti Jumadyl. Wenzangu watacheka, wanajua Baike anavyoimba kwenye harusi."

Yule mzee wa foleni hakuwepo siku hiyo, namshukuru Mungu.

"Jina la babu linaruhusiwa," alisema Gulbarchyn, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya upole. "Baba wa mtoto, unakubali?"

Nilichelewa kujua ni mimi ninayeulizwa. Baba wa mtoto! Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, na siku nilipoitwa ilikuwa ni kuniomba niliachie lile jina nililokuwa nalilamba njia nzima. Niliona vifungo vyangu, niliona harusi yangu ya kufikirika ikizimika taa moja moja. Nikaona na ile fimbo mkononi mwa Apa, mikwaruzo yake ya chini, mahali ilipokuwa inaandika kwenye theluji.

"Nakubali," nilisema. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na sidhani nimewahi kutoa nyingine niliyoimaanisha zaidi.

Gulbarchyn akaandika, akachapa, akaweka mhuri kwenye cheti kipya. Kabla ya sahihi, alisema, mama asome kwa sauti kilichoandikwa, pasije pakawa na kosa jingine la kumrudisha mtu hapa.

Perizat akakipokea. "Mama," alisoma, "Perizat." Akatua. Alilisoma jina lake kama lililoazimwa. "Baba, Jumadyl. Jina la mtoto, Kanyshai binti..."

Akakwama. Sote tulijua kwa nini. Gulbarchyn mwenyewe akatazama pembeni.

"Siwezi," alisema Perizat. "Apa, nisamehe. Haiwezekani."

Apa aligeuka kutoka dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Soma, mwanangu."

"Ni jina la mzee."

"Mzee ni mume wangu, na mimi nakuruhusu. Kuanzia leo ni jina la mwanao. Utamwitaje mwanao nusu?"

Perizat alilowesha midomo. "Toktosun," alisema. Halafu akarudia, maana la kwanza lilitoka kama pumzi. "Kanyshai binti Toktosun." Alikaa kama anayengoja dari limwangukie. Apa alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua nje ya mlango.

Wakatia sahihi. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta funguo za gari.

"Na mimi," Apa aliuliza, "mmeniandika wapi?"

Gulbarchyn alikiangalia cheti mbele na nyuma, ingawa alijua. "Apa, hakina mahali pa bibi."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni."

"Basi," alisema mama yangu. Akakaza fundo la kitambaa, akaomba mkono ili asimame. Nina maneno ya kusifu bibi za watu, naweza kukupa ya robo saa bila kupumua. Siku hiyo nilitafuta moja la bibi wa mtoto wangu, sikulipata. Nilimpa mkono tu. Moyo uliniuma, nami nilimpenda mama yangu kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia, wala hata pale sikumwambia.

Nje jua lilikuwa kali juu ya theluji ya milimani. Ng'ambo ya ua palikuwa na tanuri la sambusa, na Kanyshai alikuwa keshafika kabla yetu, utepe umeanguka, anachungulia ndani ya moto. Sisi watatu tulikuja polepole kwa ajili ya fimbo.

"Apa!" aliita. "Za nyama au za boga?"

Perizat aligeuza kichwa ghafla mpaka kitambaa kikamteleza. Mara akajikumbuka, akainamisha uso, akajivuta hatua moja nyuma ili kupisha, kama alivyokuwa akipisha miaka yote.

Apa naye alikuwa ameinua kichwa. Nilimwona. Mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka kujibu. Halafu akaufunga, akainama kukagua ncha ya fimbo yake, kwa makini, kana kwamba imeota jani.

"Apa!" mtoto akaita tena. "Mwenye sambusa anangoja!"

Nikamnong'oneza mama yangu, "Apa, unaitwa."

"Nani? Mimi sisikii. Masikio yangu siku hizi yamekwisha kabisa." Alisema hivyo huku bado anatazama fimbo. "Mwambie mkeo aitike. Mtoto asisimamishwe kwenye moto."

Perizat alitutazama, Apa na mimi, mimi na Apa. Akavuta pumzi.

"Za nyama!" alipaza sauti, nayo ikavunjika katikati. "Za nyama, mwanangu! Na moja ya boga ya Apa, ni laini!"

Kanyshai alimtazama kidogo, kichwa upande. Kisha akamgeukia mwenye tanuri. "Mama anasema za nyama," alimwambia, "na moja ya boga."

Perizat alikwenda kwake, hakukimbia, lakini sijui kama viatu vyake viligusa chini. Mimi na mama yangu tulibaki tumesimama. Alikuwa ameniegemea kwa uzito wake wote, ambao sikujua umepungua kiasi hicho, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye fundo la kitambaa. Kisha mwanamke huyo asiyesikia kitu akanivuta sikio karibu.

"Nenda kawaambie," alisema, "boga sitaki. Na mimi nataka ya nyama."